Barua Niliyoikana

Kila Ijumaa jioni nabandika karatasi kwenye mlango wa ukumbi wa parokia yetu hapa Kasongo. Ni habari za kundi letu la skauti: kambi itakuwa wapi, nani amepanda daraja, nani ana malaria tukamtazame, nani ameanza kuja na shati lisilofuliwa. Chini kabisa naweka maneno ya kuwatia moyo. Watoto huziruka habari zote wakaanzia huko chini, maana huko ndiko ninakowachokoza. Wanacheka, wanasukumana, wananakili kwenye madaftari yao.

Maneno hayo, nikiyasoma sasa, karibu yote yalikuwa juu ya woga. Nilikuwa nauchukia woga namna wenzangu wanavyochukia uvivu. Nimekulia katika mji ambao haipiti wiki bila pikipiki kufika kutoka Kabambare au Salamabila na habari kwamba watu wa pori, wapiganaji wa msituni, wameonekana pahali fulani, na nusu ya habari hizo ni uongo. Mama yangu alikuwa na kifurushi kilichofungwa tayari nyuma ya mlango, mwaka hadi mwaka. Nilipokuwa msichana niliapa kwamba siku nikipata nyumba yangu, nyuma ya mlango nitaweka ufagio tu.

Basi mwaka jana, wazazi watatu waliponijia kuniomba niahirishe matembezi ya Jumamosi kwa sababu ya habari za barabara ya Kabambare, niliwasikiliza kwa adabu kisha nikaenda kuandika karatasi yangu. Niliandika kwamba Jumamosi tunaenda, na mwoga abaki nyumbani amsaidie mama yake kutwanga sombe, yale majani ya muhogo. Nililiona neno zuri sana.

Mchezo wenyewe ni wa kufuata alama. Mimi, shefu wa kundi, natangulia alfajiri, naweka mishale ya mawe njiani, nafunga majani fundo, na penye njia panda naacha kipande cha kitambaa kwenye tawi. Chini ya mawe fulani naficha barua. Kikosi kinakuja nyuma, kinasoma alama, kinatafuta barua, kinasonga. Safari hii walikuwa sita, mdogo wao wa miaka kumi na mmoja, na kiongozi wao msichana wa miaka kumi na mitano, mkimya, mwenye kuuliza swali moja tu kwa siku. Sharti lilikuwa kupita katikati ya mashamba bila wenyewe kuwaona. Sharti la pili nililiongeza kwa sababu najijua: hata mkisikia sauti yangu inawaita, msitoke, mtego huo. Mara iliyotangulia niliwaita kutoka kichakani nikawakamata wanne kama kuku.

Kuna desturi, na mimi mwenyewe ndiye ninayeifundisha. Kabla ya kucheza kwenye mashamba ya watu unapita kwa kapita, mkubwa wa kijiji, na chumvi au sabuni mkononi, unamweleza. Asubuhi ile sikupita. Nilikuwa nimechelewa, kijiji kile kiko mwendo wa saa moja kutoka mjini na hakuna anayenijua, na nilijiambia kwamba wakulima wakishajulishwa, kujificha hakutakuwa na utamu. Kitambaa cha alama nacho kilikuwa chekundu. Yalikuwa mabaki ya kile alichotushonea fundi fulari zetu, vile vitambaa tunavyovaa shingoni.

Saa nne na nusu nilikuwa ng'ambo ya mto, kwenye tanuri la matofali lililoachwa, napika wali wa kuwapokea. Nikasikia vishindo. Walikuwa wanawake, saba au wanane, wanapanda kutoka mtoni na mabeseni kichwani na watoto mgongoni. Mmoja, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu, alisimama kidogo aliponiona.

"Mama, unakaa hapa unafanya nini? Kimbia. Watu ya pori wameshaweka alama mu njia."

Nilikasirika kwanza. Nilimuuliza ni nani aliyewaona kwa macho. Akasema hakuna aliyewaona, ila wameona vitambaa vyekundu juu ya miti, na mawe yaliyopangwa, na karatasi yenye amri ya mkubwa wao. Hasira yangu ikakauka palepale. Nilimuuliza wanaume wako wapi.

"Wako ku mutoni na mapanga. Wenye kufuata ile alama watakufia pale pale."

Akaendelea kukimbia. Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa mafupi, ni mimi, ni watoto, na sikuyasema.

Niliacha sufuria motoni nikateremka. Nilihesabu: sita, nimewatoa kwa mama zao sita. Katikati ya mteremko nikatazama kifua changu nikaona ile fulari nyekundu. Nikasimama, nikaivua, nikaisokomeza ndani ya sidiria. Nilijiambia kwamba ni ili wale wanaume wanisikilize kwanza. Haikuwa kweli. Sikutaka kufanana na kitambaa kile.

Nilivuka maji. Nilipokanyaga ukingo tu, mkono ulinishika ukaniangusha kwenye matete. Walikuwa kama kumi, wamelala kifudifudi pembeni mwa njia, na mbele yao shamba la mpunga mrefu. Aliyenishika alikuwa mkulima wa umri wangu, macho mekundu, panga limetoka kunolewa. Hakuniuliza jina. Alinionyesha kwa kidole nifunge mdomo, kisha akampa karatasi kijana wa pikipiki aliyelala kando yake, ambaye naona ndiye pekee aliyejua kusoma, aisome tena. Kijana akaisoma kwa kunong'ona, neno kwa neno.

"Vijana wangu hodari. Mmefika mbali, sasa msirudi nyuma. Piteni katikati ya mashamba kimya kimya, wenyewe wasiwaone. Mtu akiwaona, kazi yote imeharibika. Tunakutana mtoni saa sita. Shefu wenu."

Nilikuwa nimeiandika usiku nikinywa chai, na nilikuwa nimetabasamu. Karibu na sahihi nilichora jua linalocheka. Kijana aliuliza duara lile lenye miiba ni nini, na mwenzake akasema ni dawa yao ya kuzuia risasi. Hakuna aliyecheka.

Mkulima akanigeukia. "Mama, weye umetoka upande ule. Unajua mwenye kuandika hii?"

"Miye sijui," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Sikulitafuta. Naapa kwamba nilipovuka mto nilikuwa nimekusudia kusema, lakini panga lilikuwa karibu na shingo yangu, na lile neno lilikuwa limeshakaa mdomoni likingoja.

Akaridhika. Akaniambia nilale chini nisisogee. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kuninong'oneza. Alisema yeye si mzaliwa wa hapa, ametokea upande wa Kabambare. Usiku mmoja kule alisikia kitu nyuma ya nyumba akadhani ni mbuzi, akageuka akalala. Alipoamka hakuwa na mke wala mdogo wake. Safari hii, alisema, hatadhani kitu. Safari hii atakata kwanza. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Nilikuwa nimeuita woga kama wake uvivu wa moyo, na kumbe nilikuwa sijawahi kulala kando ya mtu aliye nao.

Jua lilipanda. Mchwa walinitembea mkononi nikawaacha. Nilijaribu kuwaza la kufanya, na kila nilichowaza kilianza kwa kusema kwamba nilidanganya. Nilisali watoto wapotee njia. Nilisali mvua inyeshe. Mwalimu mzima wa shule, namwomba Mungu mvua ya saa tano mchana wakati wa kiangazi.

Kisha upande wa pili wa shamba, majani yalitikisika bila upepo. Mkulima akaviringisha mkono kwenye mpini, na nyuma yangu nikasikia wanaume wote wakivuta pumzi wakaibana. Hapo ndipo nilipoingiza mkono kifuani nikaitoa fulari.

"Mwenye kuandika ni miye," nikanong'ona. "Shefu ni miye. Ni watoto sita, ni mchezo, wako na kamba na sahani tu."

Alitazama fulari. Akatoa mfukoni kipande kile cha kitambaa alichokitoa mtini, akavilinganisha. Vilikuwa kitu kimoja. Kijana wa pikipiki alisema nishikwe mara moja, kwamba hata wanawake wanatumwa. Mkulima akanisogelea.

"Sasa hivi haukujua. Sasa unajua," akanong'ona. "Kama ni watoto, enda ukae katikati ya njia, uwaite. Kama ni wengine, wataanza na weye."

Nikaenda kukaa katikati ya njia. Nilijifunga fulari shingoni. Mbele yangu mpunga, nyuma yangu mapanga kumi. Nikaita kwa sauti yangu ya siku zote, ile ya uwanjani, nikasema kikosi kitoke, mchezo umekwisha. Hakuna aliyejibu. Nikaita mara ya pili. Nikawaita kwa majina, mmoja mmoja, kama kwenye daftari la mahudhurio. Kimya. Ndipo nikakumbuka sharti langu la pili. Nilikuwa nimewafundisha vizuri. Walikuwa mahali fulani ndani ya mpunga ule wananisikia, wanabana vicheko, wanajua ni mtego wa shefu.

"Watoto gani hawaitike?" mkulima akauliza nyuma yangu. Nikasikia wanainuka.

Nilitaka kuamuru tena. Sauti haikuja. Kilichokuja ni sauti nyingine ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikitoka kwangu, nyembamba, ya mtu anayelia.

"Watoto yangu, minaogopa," nikasema. "Minaogopa sana. Mutoke. Naomba, mutoke."

Walisimama. Si kule majani yalikotikisika. Kilichoyatikisa kule sijakijua mpaka leo. Walisimama hatua kumi kutoka pale nilipokuwa nimelala na wanaume, sita, mikono juu, matope mpaka masikioni. Yule mdogo shati la kaki lilimfika magotini. Mkulima alimwendea, akainama akamtazama usoni, na panga likamponyoka mkononi likaanguka kwenye matope.

"Ningemukata huyu," akasema. Alilisema kwangu, polepole. Kisha akaketi chini akajifunika uso kwa mikono miwili, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Yaliyofuata yalikuwa marefu. Tulipelekwa kwa kapita, nikasimama mbele ya kijiji kizima nikaeleza mchezo, alama baada ya alama, huku wanawake wakirudi na mabeseni yao wakinitazama kwa chuki niliyoistahili. Niliomba msamaha kwa Kiswahili, kisha nikaomba tena kwa Kizimba, lugha ya pale. Tuliruhusiwa kwenda jua likiwa limeanza kushuka.

Njiani watoto walitangulia, wamechangamka, kila mmoja anamkatiza mwenzake. Kiongozi wao alibaki nyuma pamoja nami. Nilijua ana swali lake moja la siku nikaliogopa. Lakini hakuuliza. Alinisimulia kwamba hawakuikuta barua ya pili, waliona nyayo nyingi za watu wazima kwenye lile jiwe, wakaacha njia wakapitia mpungani. Walipofika mtoni wanaume walikuwa wameshalala pale. Watoto walidhani nao wamo kwenye mchezo, wakawa wanajiandaa kutoka wawasalimie.

"Halafu ukavuka," akasema. "Tulikuona hauna fulari. Tukasikia anakuuliza barua ni ya nani, ukasema haujui. Ile wakati tukajua iko mambo ya kweli. Nikawaambia, shefu anatuficha, musisogee." Akatembea hatua chache. "Hata ulipoita kwa nguvu, nilisema bado anatuficha. Ulipolia ndipo nikajua unatuita kweli. Kama haungekataa ile barua, shefu, tungetoka. Wangetukata."

Nilifungua mdomo. Njia ilikuwa tupu, wengine wako mbali mbele, hapakuwa na panga wala mtu wa kuniogopesha. Nikamwambia amefanya vizuri.

Sasa yeye ndiye msaidizi wangu. Kila watoto wapya wanapoingia kundini, huwaketisha akawasimulia jinsi shefu alivyovua fulari na kusema uongo mbele ya mapanga ili kuwaokoa watoto wake. Anasimulia vizuri, na wadogo hugeuka kunitazama kwa macho makubwa. Mimi huwa nimeinamia sufuria, nakoroga kisichohitaji kukorogwa. Mwaka huu ametimiza kumi na sita. Namwogopa mtoto huyu kuliko nilivyomwogopa yule mkulima, kwa sababu iko siku na yeye atashikwa na woga wenyewe, akiwa peke yake, na ataitambua sauti yangu ya siku ile, niliposema sijui.