Ratiba Niliyoiacha Idanganye

Admin, jina langu lifiche. Wanaonijua wakinitambua kwa namna ninavyoandika, basi wanyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Nina miaka ishirini na nane, nimemaliza kidato cha sita, sijaolewa, nimepanga chumba Mbinga mjini. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Nilijifunza mwenyewe, mwaka wa sita sasa, na kila siku ninaandika kwenye daftari, kwa tarehe, nilichofanya na kilichonishinda. Kwa hiyo ninayosimulia hapa sikumbuki kwa kubahatisha.

Niseme ukweli, watu wa huku nawadharau. Ukiwaambia unatengeneza tovuti wanakuuliza kama unaweza kuwafungulia simu waliyosahau namba ya siri. Mjomba wangu hunitambulisha kwa wageni, "Huyu anashinda na kompyuta, akipata kazi tutawaambia." Lakini hakuna walionichosha kama kamati ya chama chetu cha wakulima wa kahawa.

Walinipa kazi ya tovuti ya chama: walitaka wanunuzi waone kahawa yetu, na wakulima wajue mtambo wa kumenya kahawa mbivu unafanya kazi siku gani. Kahawa mbivu ikichumwa inatakiwa imenywe siku hiyohiyo. Ikilala inachacha, umepoteza. Kwa hiyo ratiba ndiyo ilikuwa roho ya kazi nzima. Niliijenga nikimfikiria mama mdogo wangu wa Mkumbi, mwenye simu iliyopasuka kioo na mtandao wa kuja na kuondoka. Ukurasa mwepesi, maandishi makubwa, kijani mtambo unafanya kazi, nyekundu haufanyi. Wilaya hii sioni ambaye angeifanya vizuri kuliko mimi, na sioni haya kulisema.

Siku ya kuikabidhi nilimkuta katibu, mwalimu mstaafu ambaye wote tunamwita Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Umekuja na tovuti?"

"Iko hapa kwenye kompyuta."

"Hiyo ni ya kwako. Ya ofisi iko wapi?"

Alitaka ichapwe kwenye karatasi. Nikaenda steshenari, nikachapa kurasa kumi na moja kwa wino mweusi. Wajumbe wakapokezana. Mmoja akauliza mbona nilisema kijani wakati yeye anaona kijivu. Mwalimu akasahihisha mikato kwa kalamu nyekundu, akasaini kila ukurasa, akagonga mhuri, akafungia kwenye jalada. "Sasa ndiyo ipo," akasema. Kuanzia siku hiyo, kubadili hata neno moja kulihitaji karatasi mpya, kikao, na mhuri mpya. Kwenye daftari nilikuwa namwita Mheshimiwa Mhuri.

Mwezi wa saba, Jumanne mchana, mwendesha mtambo akanipigia. Mkanda umekatika, hakuna kazi mpaka Ijumaa. Nikampigia Mwalimu huku jibu lake nikilijua na kulifurahia kabla hajalitoa. Alikuwa Mbamba Bay kwenye msiba wa shemeji yake, sauti inakatikakatika.

"Ratiba imebadilika, nahitaji mhuri wako," nikamwambia kwa kejeli.

"Mhuri nimeuacha ofisini, mwanangu. Wewe badilisha tu. Nitagonga nikirudi."

Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Sikuifanya. Niliona nimwache avune alichopanda kwa miezi yote ile, karatasi yao yenye mhuri iwamenyee kahawa. Niliandika hivyohivyo kwenye daftari, nikafunga kompyuta, nikaenda sokoni kununua maharage.

Jumatano akina mama wa Mkumbi na Mapera walichuma alfajiri, wakabeba, wakakuta mtambo umefungwa. Alhamisi nilienda kwa mama mdogo. Kahawa yake ilikuwa imemwagwa uani, inanuka kama pombe.

"Nilitazama kabla ya kuchuma, ilikuwa kijani," akasema, akanionyesha ile simu. "Jirani alitaka tuulize kwanza. Nikamwambia twende, hii kaitengeneza mtoto wetu, haikosei." Halafu akasonya. "Yule mzee na mihuri yake."

Nilimsaidia kugeuza kahawa isiyofaa.

Kamati ilipokaa, Mwalimu alieleza kwamba aliniruhusu kwa simu. Walicheka.

"Mwalimu wewe? Uruhusu bila mhuri?"

"Labda msiba ulikuwa wa mhuri wenyewe," mwingine akadakia, wakacheka tena.

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama meza. Mjumbe mmoja akasema binti huyu ana adabu, angeambiwa angefanya. Wakapanga kwamba Jumapili hii baada ya misa, mkutano mkuu umwondoe ukatibu mbele ya wanachama wote, na mimi nisimame nieleze ilivyokuwa. Na vyama vingine viwili vimeshaniita niwatengenezee tovuti, kwa sababu wamesikia mimi ndiye niliyekwamishwa na mzee. Hiyo ndiyo kazi niliyoingoja miaka sita.

Jana jioni Mwalimu alikuja kwangu. Nilijua amekuja kubembeleza, nikajiandaa kumjibu. Hakubembeleza. Alifungua jalada akanionyesha ukurasa wa kumi na mbili. Ameuandika kwa mkono, mwandiko wa ubaoni: mtambo hautafanya kazi Jumatano na Alhamisi. Sahihi yake. Mhuri.

"Nilikuambia nitagonga nikirudi," akasema. "Nimegonga. Upande wangu umekamilika."

Akavaa kofia akaondoka.

Bado namdharau. Mtu gani anagonga mhuri tangazo la siku zilizokwisha kupita? Lakini tangu jana, nikifungua ule ukurasa wangu mzuri, naona kati ya sisi wawili ni yeye aliyemaliza kazi yake.

Daftari liko mezani, limefunguliwa Jumanne ile. Nikilisoma mbele ya mkutano, hakuna chama kitakachoniamini tena na ratiba yake, na mama mdogo atakuwa amekaa mstari wa mbele. Nikinyamaza, mzee anaondoka na aibu yangu. Nyie mnaosoma, msinionee huruma, nataka ushauri tu, na nautaka kabla ya Jumapili: nilibebe daftari, au niliache nyumbani?