Mchanga Ndani ya Pweza

Siku hizo, mtu akiingia mji ule mdogo kwa barabara ya pwani, aliyempokea kwanza ni samaki wa chuma aliyevaa viatu. Amesimama wima mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mkia chini na mdomo juu, na viatu vyenyewe ni vya ngozi kabisa, vimemiminwa saruji ndani ili visiibiwe. Mbele kidogo yuko kamba mwenye miwani anayesoma gazeti la bati. Halafu ngamia aliyeungwa kwa mabomba ya moshi ya magari, halafu bibi kizee mwenye sufuria badala ya kichwa, na wengine na wengine, hata zikatimia sanamu kumi na mbili. Mwisho wa lami yuko pweza mkubwa mwekundu anayeendesha baiskeli.

Wote hao ni kazi ya mtu mmoja. Watu wanamwita Zipu, kwa sababu mdomo wake umefungwa na mke wake ni mshonaji.

Zipu alisoma mpaka darasa la saba, kisha akaingia kwenye karakana ya mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza mageti. Alikuwa kijana wa haya. Mteja akiingia, yeye alijitia kutafuta kitu chini ya meza mpaka mzee amalize mazungumzo. Sanamu ya kwanza ilitokana na kosa: alipima vibaya, geti likatoka fupi kwa shubiri mbili, na mwenye geti akamtolea maneno mbele ya watu. Zipu alisubiri yule bwana aondoke, akalikata lile geti vipande vipande, na baada ya siku tatu kikatoka kile kisamaki. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenye duka la vifaa akaomba kiwekwe mbele ya duka lake, akaleta na viatu vyake vya zamani.

Katika kazi ile kuna jambo moja la kujua. Bomba ukilipinda likiwa tupu, linabonyea. Dawa yake ni kulijaza mchanga, ukaziba ncha, ukalipasha moto mpaka liwe jekundu, ndipo ukalipinda taratibu. Mzee wa karakana alikuwa na sharti ambalo hakulegeza: mchanga uwe wa mto, uoshwe, ukaangwe juu ya bati mpaka ukauke, na kazi ikiisha umwagwe wote. Lakini mto uko mbali, na kuufikia kwa mkokoteni ni mwendo wa nusu siku. Bahari iko hatua arobaini kutoka mlango wa karakana. Mzee alipofariki, Zipu alivumilia ule mwendo kwa miezi kadhaa, kisha siku moja akashuka ufukweni na ndoo. Bomba likapinda vizuri tu. Mchanga ni mchanga, akajiambia. Na kwa kuwa upepo wa pale ulikuwa unaziyumbisha sanamu ndefu, akaona heri auache mchanga humo humo ndani, zipate uzito. Akachomelea ncha, akapaka rangi, akasahau.

Pweza alizaliwa kwa maneno ya mke wake. Yalikuwa majira ya sare za shule. Mama huyo, ambaye mji mzima unamwita Mama Cherehani, alikuwa amezungukwa na vitambaa vya bluu mpaka haonekani.

"Ningekuwa na mikono minane kama pweza," alisema, "miwili ingeshona, miwili ingekata, miwili ingepiga pasi, mmoja ungepika."

"Na wa nane?"

"Kwa wa nane ningekuzaba kibao, labda ungeongea."

Zipu akacheka kimya kimya, mabega yakitikisika. "Halafu ukimaliza?"

"Nikimaliza ningepanda baiskeli nikatembee, nikuachie sare zako."

Kwa miezi mitano Zipu alikuwa akirudi nyumbani nyusi zimeungua, na siku alipomwita mkewe aende mwisho wa lami, mama alimkuta pweza juu ya baiskeli, mkono mmoja una mkasi, mwingine una pasi, mwingine futi kamba, mwingine mwiko, na ule wa nane umeinuliwa juu, kiganja wazi, tayari kuzaba. Mama Cherehani alikaa chini pale pale kando ya barabara akalia, kisha akacheka, akimlaumu mumewe kwa kumliza.

Tangu hapo wageni wakaanza kuja. Kila Jumamosi asubuhi basi dogo hushusha watu mbele ya samaki, na Mama Cherehani huwaongoza kwa miguu kutoka sanamu hadi sanamu, akitia chumvi kila hadithi. Zipu hufuata nyuma kabisa na kopo la rangi na brashi, kama mtu aliyepita tu na shughuli zake. Na ziara haiishi mpaka mama apande kwenye keria ya baiskeli, nyuma ya pweza, akunje miguu upande mmoja na kupunga mkono, watu wapige picha. "Huyu ni mimi," huwaambia. "Mimi wa mbele nafanya kazi, mimi wa nyuma natalii."

Siku moja, Zipu aliona kilundo cha mchanga chini ya baiskeli, kidogo, kama kazi ya sisimizi. Akakipangusa kwa kiatu. Kesho yake kipo. Kesho kutwa kipo, na safari hii alikiokota kwenye kiganja, akaona rangi yake si ya mchanga wa pale chini. Ulikuwa wa kahawia, kama ubao uliooza. Akapandisha macho. Kwenye nguzo inayobeba baiskeli yote, chini kidogo ya keria, palikuwa na tundu la kupitisha sindano. Alitoa msumari mfukoni akausukuma. Msumari ukaingia kama kwenye biskuti.

Chumvi. Chumvi ya ule mchanga ilikuwa imekaa miaka mitatu ndani ya bomba ikila chuma kutoka ndani, na nje rangi inang'aa.

Alifanya nini? Aliziba tundu kwa gundi ya chuma, akapaka rangi nyekundu juu yake, akaenda nyumbani akanywa chai.

Alikusudia kusema. Jioni ile alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani akayapanga maneno: mama, yule pweza ana ugonjwa. Hapana. Mama, ule mchanga nilioutumia. Mkewe alikuwa akishona huku akimweleza jinsi mgeni mmoja alivyotaka kujua kama fundi wa sanamu bado yu hai. "Nikamwambia yu hai, ni yule pale ameshika brashi. Akasema, nilidhani ni mtu wa manispaa." Alicheka mpaka uzi ukakatika. Ungeanzia wapi kumwambia mtu wa namna hiyo?

Jumamosi ikafika, mama akapanda. Zipu alisogea akaishika ile nguzo kwa mkono, kana kwamba mkono wa mtu ungezuia kitu. Jumamosi ya pili alitangulia mapema akazungushia kamba. Mkewe alipofika akaifungua, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Fundi, unawafukuza wageni wangu?"

"Rangi mbichi."

Mama akagusa, akaangalia kidole. "Imekauka hii," akasema, akapanda.

Ya tatu akapanda. Ya nne akapanda, na Zipu akasikia sauti ndani ya bomba, ndogo, kama mtu anayetafuna karanga chumba cha pili. Hakula siku mbili. Mkewe akasema ni malaria, akampeleka zahanati, wakampima, hana kitu.

Jumamosi ya tano walishuka wanawake tisa, wauguzi waliostaafu, wenye kofia pana na midomo isiyo na breki. Walimcheka kamba, wakabishana na bibi wa sufuria. Mmoja wao, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima, alimgeukia Zipu.

"Shemeji, mbona umesimama hivyo? Wewe ndiye sanamu ya kumi na tatu?"

"Msimchokoze," Mama Cherehani akasema. "Huyo siku akiongea mvua itanyesha."

Walipofika kwa pweza, wakatulia kidogo, kama watu wote wanavyotulia. Mama akaeleza ya mikono minane. Kisha akaweka mguu kwenye jiwe la kupandia, na yule muuguzi mnene akasema, "Leo hupandi peke yako, dada. Nisogezee."

"Njoo. Hii ni chuma, hata tembo inabeba."

"Usipande," Zipu akasema.

Hakuna aliyesikia. Akasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, ikamtisha hata mwenyewe. "Mama, shuka. Wote msipande."

Wanawake wakageuka. Mkewe alikuwa bado na mguu mmoja juu ya jiwe, tabasamu la kuwaonyesha wageni likiwa bado usoni. "Haya, leo rangi tena?"

"Bomba limeoza."

"Limeoza wapi? Si ulipaka juzi?"

Angeweza kueleza kuhusu mto, na ndoo, na hatua arobaini. Alichukua nyundo kwenye mfuko wa zana akaipiga ile nguzo mara moja, wala si kwa nguvu. Rangi ikapasuka kama ganda la yai, na mchanga wa kahawia ukaanza kumwagika, laini, bila kelele, ukalundikana juu ya jiwe alilokanyaga mkewe. Ulimwagika kwa muda mrefu. Pweza akainama polepole upande wa bahari, akakwama hapo, mkono wa nane umeelekea chini.

Mama Cherehani aliutazama mchanga mpaka ukakoma. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, ile anayotumia akiwa na pini mdomoni. "Umejua lini?"

"Mwezi sasa."

"Mwezi." Akahesabu kwa vidole vyake vya kushonea. "Nimepanda mara nne."

Zipu akairudisha nyundo kwenye mfuko wa zana.

"Mara nne, na wewe umesimama hapo."

"Nilikuwa nimeshika nguzo," akasema, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani.

Hakuna muuguzi aliyecheka. Yule mnene alimshika mama bega, lakini mama akajitoa taratibu, akawashukuru wageni, akawaambia ziara imekwisha.

Alasiri, alipokwisha kuelezwa habari ya mchanga, mama alimtaka watembee wawili barabara nzima. Mbele ya kila sanamu alisimama, akauliza neno moja tu: "Huyu?" Naye akajibu, wa mto, au wa bahari. Samaki wa mto. Kamba wa mto. Ngamia wa bahari. Bibi wa sufuria wa bahari. Walipomaliza, za mto zilikuwa tano. Mama hakusema lolote, na Zipu, aliyeishi miaka ishirini akitegemea maneno ya mwanamke huyu, aliona jinsi barabara ilivyo ndefu bila maneno hayo.

Wiki ile alikata zile saba za bahari. Kabla ya kukata kila moja ilibidi abishe hodi kwa mtu ambaye sanamu imesimama mbele ya mlango wake, aeleze kosa ni la nani. Hodi hizo saba zilimtoa jasho kuliko moto wa karakana. Pweza alimkata wa mwisho. Mkono wenye mkasi haukuwa na mchanga, ulikuwa wa nondo tupu, akaupeleka nyumbani akauegemeza ukutani karibu na cherehani. Mkewe aliusogeza kwa mguu apate kupitisha kitambaa. Hakuutupa.

Jumamosi basi dogo likapiga honi. Mama Cherehani hakuinua kichwa kwenye mshono.

"Wageni wamefika," Zipu akasema.

"Nimesikia."

"Huendi?"

"Nenda wewe. Hadithi ya sasa unaijua wewe."

Alisimama mlangoni muda mrefu na kopo la rangi mkononi. Kisha akaliweka chini, akaenda mikono mitupu. Watu walikuwa wamemzunguka samaki, wanacheka viatu. Mmoja akamuuliza kama anamfahamu fundi.

"Ni mimi," Zipu akasema, akaanza na geti lililotoka fupi.