Nilificha Majina, Nikasahau Historia

Hii huwa sipendi kuisimulia, na nikiisimulia siwezi kukaa sehemu moja, kwa hiyo mnivumilie nikisimamasimama, maana aibu yenyewe niliitengeneza kwa mikono yangu miwili na hakuna wa kumsingizia.

Kazi yangu mnaijua, natengeneza programu za kompyuta hapo Mbeya, na msimu ule umoja mmoja wa wakulima wa mpunga kule Madibira ulinipa kazi ya programu ya zamu za maji: nani anafungulia mfereji lini, na asiyefika kwenye zamu yake karani anaandika sababu. Sasa sisi mafundi tuna kitu tunakiita repo, ni kama daftari ndani ya kompyuta linalokumbuka kila faili lilivyokuwa tangu siku ya kwanza, na kila ukibadilisha kitu unaandika maneno mawili matatu kueleza umebadilisha nini. Mimi nilikuwa naandika kama mtu anayeongea peke yake. Mwenyekiti wao, Mama Kihwele, leo anataka maandishi ya kijani, kesho ya bluu, na kwa kila badiliko nilikuwa naandika humo neno la kumcheka (kwa nini nilidhani hakuna atakayesoma sijui, ningesema ni ujana, lakini nina miaka thelathini na minne).

Siku ya kukabidhi, mkutano ni saa nane mchana, saa nne nipo ofisini kwao, repo ikagoma. Nikijaribu kuunganisha kazi ya jana na ya leo, inazima. Nikajaribu mara tano, nikatoka nje, nikarudi, nikakaa, nikasimama, mpaka karani akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nikaomba msaada kwenye kundi la mafundi kwenye simu, watu wengi, nusu yao siwajui. Jamaa mmoja wa Iringa mjini, Baraka, akajibu kwamba hitilafu kama hiyo hawezi kuikisia, nimtumie repo aione mwenyewe, ila nisiitume hivihivi: kuna amri ya kompyuta inayotoa nakala ambayo kila jina na kila neno limegeuzwa kuwa maneno matupu, linabaki umbo la historia tu, na hitilafu kwa kawaida inakaa kwenye umbo. Nikamjibu sawa kaka. Nikafungua maelezo ya ile amri, yakawa marefu, nikaangalia saa, na hapo ndipo nilipoamua kuficha kwa mkono. Nikafungua orodha ya wakulima iliyokuwa humo, nikaandika Mkulima wa Kwanza, Mkulima wa Pili, hadi mwisho, nikafuta namba za simu na sababu, nikahifadhi, nikatuma kwenye kundi zima ili nisaidiwe haraka, nikajiona mtu makini.

Nilisafisha ukurasa wa leo tu. Kurasa zote za nyuma zilikuwa humohumo.

Baraka akanipigia. "Kaka, ifute sasa hivi. Majina yote yamo."

Nikafuta, lakini watu walishaipakua, na mmoja wao kwao ni Ubaruku, ana mjomba mwanachama wa umoja uleule, akamrushia yale maneno niliyoandika humo kama kichekesho, na mjomba akayaweka kwenye kundi la wakulima. Pamoja na sababu za karani.

Saa nane ukumbi umejaa na kila mtu anatazama simu. Nikasalimia kamwene, salamu ya kwao, wakaitikia wachache. Mama Kihwele akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti ya kusomea kanisani, "Mama kataka kijani tena, kesho atataka zambarau." Watu wakacheka, na mimi nikacheka (mdomo ulijiendea wenyewe), yeye hakucheka. Akavua miwani.

"Haya ya kwangu nimekusamehe, mwanangu. Sasa mgeukie Mzee Mgaya."

Mzee Mgaya alikaa karibu na mlango, kofia mapajani. Alikosa zamu mwezi uliopita, na sababu aliyomnong'oneza karani ni kwamba mkewe ameondoka na hajui aliko. Wanawe wako Igowole, na aliwaambia mama yao yuko Makambako kwa dada yake. Alinieleza hayo palepale mbele ya watu, taratibu, bila hasira, na mimi nilitamani anitukane. Nikamwomba radhi. Akaniuliza swali moja tu.

"Hicho kitu chako kinafutika?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia kwangu kinafutika, mzee, kwa walioshachukua sina uwezo.

Akatikisa kichwa, akachukua kofia, akatoka kuwapigia wanawe kabla hawajaambiwa na mwingine. Tulimwona dirishani amesimama kwenye tuta, simu sikioni, kisha akarudi kukaa.

Baada ya mkutano niliiendesha ile amri. Dakika nne. Baraka akaiona hitilafu ndani ya ile nakala, bila jina la mtu hata mmoja, na jioni programu ikafanya kazi. Mama Kihwele akaagiza sehemu ya sababu iondolewe kabisa, nikaiondoa.

Nimeapa mambo mawili: sitatuma repo ya mtu bila kuipitisha kwenye ile amri, hata nyumba ikiwa inaungua, na sitaandika juu ya mtu neno ambalo siwezi kumsomea akiwa amekaa mbele yangu. La kwanza ni rahisi. La pili bado linanisumbua, naandika, nafuta, nazunguka chumbani, naandika tena.