Njiwa wa Mtaa wa Uhuru

Bi Huda anauza kanga Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, na mdomo wake hauna breki. Mwombe apunguze bei, utasemwa mpaka ujute kuingia dukani. Ila mtajie ndege za zamani, atakuvutia kiti na kukuagizia kahawa.

Mwaka huu alimpa kazi Theophil, seremala wa jirani, amchongee kiunzi cha mfano wa ndege iitwayo Taube, yaani njiwa kwa Kijerumani. Ilikuwa na jozi moja tu ya mabawa, yaliyovikwa kitambaa. Bi Huda akayavika kanga.

Theophil alipokuja kuitundika darini akaguna. "Mama, umekosea. Jina la kanga linasomeka chini ya bawa, juu hakuna kitu!"

"Sijakosea. Unajua njiwa huyu alifanya nini? Mwaka 1911, kwenye vita vya Libya, rubani wa Kiitaliano aliruka naye akadondosha mabomu kwa mkono. Kabla ya hapo watu hawakuwahi kupigwa bomu kutoka kwenye ndege. Waliokuwa chini walitazama juu, na hakuna aliyewaambia neno."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Panda ngazi, acha maswali!"

Theophil akapanda, akafunga kamba, akashuka. Akasimama chini ya mabawa, akainua shingo, akasoma polepole: "Jirani, nakuombea heri."



"Nawe pia, mama," akasema, bado anatazama juu.