Pweza Ambaye Sikumwona

Nilikuwa nachoma pweza, harufu imejaa uani, mjukuu wangu msomi akanisomea swali lake la filosofia: mtu anajuaje anachokijua? Nikacheka, nikakumbuka siku moja nilipokwenda pwani kutafuta pweza na mama na shangazi. Nilikuwa mtoto, maji yameanza kujaa na kapu letu tupu, nikasimama kwenye tundu la mwamba.

"Mama, yumo!"

"Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini maganda ya kaa yako mlangoni, bado mabichi. Nani kala?"

Shangazi akanikejeli: "Mwalimu wa pweza huyo! Ukikosa, hurudi tena pwani na sisi."

Nikaingiza kijiti tunduni. Kikavutwa! Mama akamtoa pweza mkubwa, naye akanizonga mkono mzima, baridi, ananinyonya ngozi, nami napiga vigelegele. Mama akasema, "Kesho tangulia wewe, sisi tutakufuata."