Jeep ya Kuleta Mama Mukwe

Mimi njo Sikuli, nauzisha pièces za moto, vyuma vya pikipiki, hapa Butembo, na batu ba soko banasema niko na hasira ya karibu. Ni kweli. Mais lakini mwaka huu balinisemea bure. Balisema: Sikuli amezeeka, amefiwa na bibi yake, sasa anazunguka ma-parking kutafuta jeep ya sport ya kudanganyia basichana. Acha baseme. Ile jeep nilikuwa natafutia mama mukwe wangu.

Bibi yangu Solange alikufa wakati ya mvua, mwaka ile ilipita. Mama yake, Mama Kanyere, alikuwa kwao Eringeti, ku shamba yake ya kakao, na ile juma barabara ilikuwa imefungwa juu ya vita. Hatukuweza kumungoja. Tulizika mutoto wake, yeye hayuko. Mbele ya kufa, ku kitanda ya hopitali, Solange alinishika mukono akasema, "Papa Bénite, mama hataniona tena. Njia ikifunguka, umulete aone mahali nalala. Umulete wewe mwenyewe, hapana mu gari ya batu." Nilimuitikia.

Kisha Mama Kanyere alikimbia Eringeti akafika Beni kwa mudogo wake. Kutoka kule alituma neno: macho yake imeingia wingu, kila mwezi anaona kidogo kuliko mwezi ya nyuma, na anataka kuona kaburi ya mutoto wake mbele macho ifunge kabisa. Njo pale nilianza kutafuta gari.

Utaniuliza, Beni na Butembo si mbali, kwa nini hapandi moto? Mimi ninauza pièces za moto, usinifundishe moto. Muzee sawa yeye, mwenye kiuno ya kuvunjika, hawezi kupanda ile kitu. Na hata angeweza, hii haikuwa ahadi yangu.

Tena iko na neno lingine, njo lile lilinitesa. Mu jamaa yetu, sisi ba zamani, mutu na mama mukwe wake hawakaribiane. Hawakule pamoja, hawakae ku kiti moja, hawaangaliane mu macho, na hawasemezane hivi hivi. Toka siku nilioa, maneno ya Mama Kanyere na maneno yangu ilipita mu kinywa ya Solange. Batoto ba sasa banacheka. Bacheke. Heshima si utumwa. Ule mama nilimupenda sana, nilimupenda toka mbali kidogo, na yeye vilevile.

Zamani heshima ilikuwa na nafasi yake mu gari. Tulikuwa na Land Cruiser ya kijani, ile ya benchi mbili ndefu nyuma, moja huku, moja kule. Solange alikaa mbele karibu yangu, na Bénite, mutoto wetu wa kwanza, ku magoti yake. Mama Kanyere alikaa nyuma kabisa, ku mwisho ya benchi, pamoja na kuku na mikungu ya ndizi, uso wake ku njia tulikotoka. Tukiwa tunashuka mulima ya Kabasha, moteur inalia, unasikia sauti yake: "Solange, ambia bwana yako apunguze, ndizi inaanguka." Nimesikia wazi. Mais nangoja. Solange anageuka kwangu: "Mama anasema upunguze." Na mimi: "Ambia Mama nimepunguza." Mama amesikia wazi, naye anangoja. Solange anapeleka, kisha anacheka: "Nyinyi wawili mutanimaliza koo." Vumbi mu meno, kuku inalalamika, mutoto amelala. Ningepewa tena siku moja ya ile vumbi, ningeikula na kijiko.

Ile gari ilikufa mbele Solange hajafa. Tuliuza vyuma yake.

Donc nilienda na Bénite kwa Gérard, muuzaji wa magari ku njia ya Rughenda. Bénite sasa ni mutu mukubwa, anatumika mu pharmacie, duka ya dawa, na gari anajua kuliko mimi. Yeye alitaka RAV4. Gérard naye alikuwa na moja nyekundu, alikuwa ameisafisha mpaka unajiona mu mulango.

"Papa Sikuli, hii njo ya sport. Angalia pneu, hii mipira. Ukikanyaga kidogo, batu ba Beni bataona vumbi tu." Akafungua moteur.

"Fungua mulango ya nyuma," nilimuambia.

Nikaingia, nikakaa mahali mama mukwe angekaa. Nikamutuma Bénite akae ku volant, ku usukani, aangalie mu retro, ile kioo ya katikati. Macho yake ikaja mu yangu, yote mbili, mizima.

"Unaniona?"

"Naona mpaka meno, Papa."

Nikatoka. Gérard akatuonyesha Vitara, ile fupi ya milango mbili. Iko na nguvu, anasema, mulima ni kazi yake. Mais ile, kwa kuingia nyuma, unalaza kiti ya mbele unapita umeinama. Nikajaribu. Kichwa ikaingia, bega ikaingia, tumbo ikakataa. Gérard akanivuta na mukanda. Wewe unaona Mama Kanyere anapita vile, na mimi mukwe nasimama nyuma yake? Nikamuambia afunge.

Ya tatu ilikuwa X-Trail ya rangi ya majivu. Milango ine, kiti ya nyuma pana, mutu mwenye kiuno mubaya anaingia bila kuinama. Nikakaa, nikafunga macho. Nikafungua. Bénite tena mu kioo.

"Nayo iko na retro," nilisema.

"Papa, gari yote iko na retro."

"Yangu ya kijani haikuwa nayo. Ilivunjika, hatukuirudisha."

"Njo maana uligonga mbuzi ya padri, ule abbé," Bénite akasema, na akacheka sawa mama yake.

Gérard alimuvuta Bénite pembeni. Alifikiri sisikii. Akamuuliza kama papa yuko sawa toka mama afariki, juu batu bananunua gari na kuuliza essence, mafuta yake, banauliza moteur, hajaona hata mumoja anakaa nyuma na kufunga macho. Nilikasirika. Nilimuambia vumbi ya Beni aikule mwenyewe, nikarudi nyumbani na miguu.

Bénite alinifuata. Nilikaa mu lupango, inje ya nyumba, yeye akasimama mbele yangu. "Papa, retro unaweza kuigeuza ku toit, kule juu, basi. Na kama ni maneno, mimi nitakaa mbele, nitapitisha maneno ya Tate, mama ya mama, na yako."

"Ile ni kiti ya mama yako."

Nilisema na nguvu kuliko nilivyotaka. Bénite akakaa chini karibu na kiti yangu.

"Donc hauogopi kioo," alisema.

Hapana, sikuogopa kioo. Jeep tatu nilizilinganisha, nikazitafutia makosa, na kila moja ilikuwa na kosa ileile: kiti ya mbele, wazi. Mimi nitaendesha, mama atakaa nyuma, na katikati yetu hakuna mutu. Nilikuwa naogopa ile kimya, toka Beni mpaka hapa. Nilimuambia Bénite vile, na nikalia mbele ya mutoto wangu, sikuona haya.

Kesho yake nilirudi kwa Gérard, nikachukua X-Trail. Ni mutu muzuri, hakuuliza kitu.

Tulienda Beni na Bénite, yeye amekaa nyuma. Mama Kanyere alikuwa tayari mbele ya nyumba ya mudogo wake, amevaa kikwembe ya misa, fimbo mukononi. Mwili yake imekuwa mudogo. Nilishuka, nikainama, nikaangalia chini sawa inavyofaa. Yeye alipita na mukono yake ku gari, polepole, anatafuta mulango, na hii magari ya kutoka upande wa Uganda volant yake iko kuume. Akafungua ya mbele, upande wangu, mukono yake ikashika volant. Akaiachia mbio. "Heee," alisema, peke yake. Bénite akamushika, akamuingiza nyuma, na kiuno haikumuuma.

Alikuwa na kifuko. Bénite akataka kukiweka mbele, ku kiti ya wazi.

"Hapana weka pale," Mama Kanyere akasema. "Pale mutoto wangu anakaa."

Kifuko mama akakiweka ku magoti yake. Niligeuza retro ku toit, nikaondoa gari.

Tulitoka mu muji bila neno. Hii jeep moteur yake hailie, unasikia mpaka mutu anapumua. Land Cruiser ilikuwa inafunika kimya yetu, hii haifunike kitu. Tukaanza kupanda Kabasha. Barabara ile unaijua, shimo juu ya shimo, na mimi nilikuwa nakimbia juu ya woga.

"Solange," sauti ikasema nyuma. "Ambia bwana yako apunguze. Hii gari inakimbia mubaya."

Mimi nilisikia wazi, na nikangoja. Nilingoja ile wakati Solange angegeuka kwangu na kusema. Kisha nikasema, "Solange, ambia Mama nimepunguza."

Mama naye akangoja, kisha akasema:

"Solange, muulize kama ulikula ku hopitali."

"Solange, ambia Mama ulikula kidogo. Uliomba ndizi ya Eringeti, tukakosa, tukakupa ya huku, ukasema haina utamu."

"Eh, ya huku haina utamu," mama akasema. Kisha: "Solange, aniambie kama uliumia sana."

Mwaka muzima ule mama alikuwa na ile swali na hakuwa na mutu wa kuipitishia. Nilimuambia yote. Nilimuambia Solange: uliumia, kisha hukuumia tena. Uliondoka asubuhi, mukono yako mu yangu. Uliita "Mama" mara nyingi, na mimi sikujua nikujibu nini. Chorale ya parokia iliimba, batu balijaa mpaka inje. Machozi ilishuka mpaka ku volant, na retro ilikuwa inaangalia toit, hakuna mutu aliniona. Nyuma nilisikia mama mukwe analia, na Bénite anamushika, na tulipanda vile mpaka Maboya, tunapitisha maneno yetu ku ile kiti.

Ku kaburi Mama Kanyere alipiga magoti, akaleta uso karibu kabisa na musalaba, karibu auguse na pua, akaangalia. Alipitisha kidole ku jina. Alikaa pale, anasema na mutoto wake mu Kinande, maneno ya bo wawili, na mimi nilisimama mbali, mahali pangu.

Baridi ilipoanza, alisimama na fimbo yake. "Nimekuona," alimuambia mutoto wake. Kisha akasema, bila kugeuka kwangu, "Solange, ambia bwana yako: wasingya, aksanti. Amenileta yeye mwenyewe."

Sasa anaishi kwetu, mu chumba ya Bénite, na macho inaendelea kufunga. Juma ile ilipita Gérard alinikuta ku soko, akaomba nimufikishe Rughenda. Akashika mulango ya mbele.

"Ingia nyuma," nilimuambia.

"Mais Papa Sikuli, mbele ni wazi."

"Iko na mutu."

Aliniangalia, akafungua mulango ya nyuma, akaingia.