Siku Niliyoegesha Baiskeli Mnadani

Nianze kujicheka mwenyewe, ninyi mtanifuata. Marehemu Baba Kulwa alinibeba kwenye baiskeli yake tangu nikiwa bibi harusi. Kazi yangu ilikuwa kumshika kiuno na kuegemeza shavu mgongoni. Kiangazi hiki, pamba ilipokwisha shambani, nikaitoa ile baiskeli nijifunze, bibi mzima mwenye wajukuu. Kwenye uwanja wa shule nikajua kila kitu isipokuwa kusimama. Nilikuwa nauendea mlingoti wa goli, naukumbatia, mambo yanaishia hapo.

Jumamosi nikajitosa mnadani. Watu wakanipisha, wanawake wakapiga vigelegele, nami nikavimba kichwa. Kumbe mnadani hakuna goli! Mbele yangu alikuwepo Mzee Masanja, muuza michembe, kanipa mgongo, mrefu kama marehemu. Nikamkumbatia yeye. Baiskeli ikaanguka, viazi vyake vikavu vikatapakaa, mnada mzima ukaangua kicheko.

Kicheko kikaisha. Ndipo nikamsikia akisema taratibu, “Mama Kulwa, umeshasimama.”

Shavu langu lilikuwa bado mgongoni mwake.